Ndugu wa Karibu

Ngoyai alikwenda mjini Karatu siku ya Jumatatu kupiga picha ya kitambulisho cha taifa. Saa nane mchana Thomasi, dereva wa bodaboda aliyempeleka, alirudi peke yake. Aliingia uani kwa Hyasinta, mke wa Ngoyai, bila kuzima pikipiki, akatoa kofia ya ulinzi ndani ya koti lake.

"Mama Witness, mzee wamemzuia."

"Nani wamemzuia?"

"Watu wa uhamiaji. Alipanga foleni vizuri tu na wenzake. Alipofika mezani wakamuuliza maswali, akajibu, wakamwambia akae pembeni. Mimi nikadhani labda karatasi hazijatimia. Kidogo nikaona anaingizwa kwenye gari. Kanitupia hii kofia, kasema ni mali ya mwajiri, isipotee."

Hyasinta aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ametoka kupalilia maharage, na vidole vyake viliacha udongo kwenye ukingo wa kofia.

"Maswali gani hayo?"

"Nililosikia ni moja. Wamemuuliza mama yake ni mzaliwa wa wapi. Akasema ng'ambo, Loita. Akasema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja kijiji cha jirani."

Na kwa Ngoyai kilikuwa kijiji cha jirani. Alikulia upande wa Loliondo, mahali ambapo vilima vya Loita, upande wa Kenya, unaviona ukiwa umekaa mlangoni unakunywa maziwa. Ng'ombe walivuka, wajomba walivuka, mahari zilivuka, na hakuna aliyewahi kumwonyesha mstari. Miaka kumi na moja alikuwa mlinzi wa loji moja juu ya Rhotia, analipwa mkononi kila mwisho wa mwezi, mpaka alipokuja mhasibu mpya akataka kila mfanyakazi awe na akaunti ya benki, na benki nayo ikataka namba ya kitambulisho. Ndicho kilichompeleka pale mezani. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, amevaa shati la kanisani.

*

Hyasinta alikaa kwenye benchi la ofisi siku mbili kabla ya kuitwa. Siku ya kwanza aliambiwa mwenye faili yuko kwenye kikao. Siku ya pili aliambiwa asogee, benchi lile ni la watalii wenye mambo ya visa, akaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta na kanga yake kichwani.

Mwenye faili alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, jina lake Eva. Sauti yake ilikuwa ya taratibu na meza yake safi. Hakumfokea Hyasinta hata mara moja. Baadaye Hyasinta alitamani angefokewa, maana mtu anayekufokea unajua pa kumshikia.

"Mume wangu ni Mtanzania, dada," alisema.

"Mama, mimi sijasema si Mtanzania. Nimesema hajathibitisha."

"Amekaa hapa miaka yote. Amelinda mali za watu. Ana mtoto shuleni."

"Kukaa watu wengi wamekaa. Ana cheti cha kuzaliwa?"

"Hana."

"Kadi ya kliniki? Cheti cha kumaliza shule?"

"Aliishia darasa la nne, akaenda kuchunga." Hyasinta alifungua mfuko wa plastiki akatoa cheti cha ubatizo, kimekunjwa mara nne. "Hiki hapa. Kimeandikwa amezaliwa Loliondo."

Eva alikisoma chote, mbele na nyuma. "Alibatizwa akiwa na miaka ishirini na sita, ili mfunge ndoa. Padri aliandika alichoambiwa." Alikirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu. "Alipozaliwa, nani alikuwepo?"

"Mama yake."

"Yu hai?"

"Yu hai. Yuko kwake, mbele ya Wasso."

"Basi mlete. Mama mzazi ndiye shahidi mkubwa. Akija akaeleza, tunaandika, tunamaliza."

Hyasinta alitoka pale karibu kukimbia. Furaha ile ya dakika chache ndiyo iliyokuja kumuuma kuliko yote.

Kule mahabusu askari walimruhusu kumwona mumewe baada ya kuonja chakula. Askari alichukua kijiko chake mwenyewe, akakoroga makande mpaka chini, akamwambia, "Kula." Hyasinta akala. "Tena." Akala tena, watu wa foleni wakimtazama, kama mtu aliyekuja kumwekea mumewe sumu. Ngoyai alitokea nyuma ya nondo ameshika suruali kwa mkono mmoja, mkanda wameshauchukua.

"Nakwenda kumleta yeyo, mama yako," Hyasinta alisema.

Ngoyai alipandisha suruali. "Ni mzee, Mama Witness. Ile barabara itamuua."

"Ndiye pekee."

"Basi avae vizuri. Wasimwone kama ombaomba."

*

Alimwacha Witness, binti yake wa miaka kumi, kwa kaka yake Leonce, akapanda basi la alfajiri. Walipita kwenye vumbi la Natron, wakapita njia panda ya Digodigo, jua likazama na kulala chini ya vilima, na walipofika Wasso Hyasinta hakuzihisi tena nyonga zake. Kesho yake alipanda pikipiki hadi kwa mkwewe.

Bibi Nanyori alimpokea mlangoni, akamshika kichwa kama mtoto. Alikuwa amepoteza meno ya mbele na sikio moja halikusikia vizuri, lakini mgongo wake bado ulikuwa umenyooka. Hyasinta alikuwa ameishi kwake miaka miwili ya kwanza ya ndoa, na pale ndipo alipojifunza Kimaasai, akichekwa kila alipofungua mdomo, na bibi huyu akiwafukuza wachekaji kwa fimbo.

"Serikali inataka kumjua Ngoyai," Hyasinta alieleza. "Wanataka uwaambie wewe ndiye uliyemzaa."

"Nani mwingine angemzaa?" Bibi alicheka. Kisha akaona uso wa mkwewe, akaacha kucheka, akaingia ndani kutafuta shuka jipya na shanga zake za sherehe.

Katika safari nzima ya kurudi, Hyasinta alimlisha mkwewe ndizi, akamkinga na vumbi, akamshika mkono kila basi liliporuka. Alimfundisha asiogope meza wala watu wenye sare. Jambo moja tu hakumuuliza. Halikumjia akilini, kwa sababu alidhani analijua.

*

"Shikamoo bibi," alisema Eva, akasimama kabisa kumpisha kiti. "Pole na safari. Kunywa chai kwanza."

Chai ilikuja ya maziwa, na mkate. Bibi Nanyori aliitazama ile heshima, akamtazama Hyasinta kwa kiburi kidogo, akanywa.

"Kiswahili anajua?" Eva aliuliza.

"Kidogo. Cha mnadani."

"Basi utatafsiri wewe. Mkalimani wetu hayupo wiki hii."

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Jina lake. Jina la mumewe, marehemu. Watoto aliozaa, saba. Walio hai, wanne. Hyasinta alitafsiri kila neno na Eva akaandika kwa mwandiko wa kulala.

"Sasa muulize, huyu Ngoyai alimzaa wapi?"

Hyasinta aliuliza. Bibi Nanyori aliweka kikombe chini, akatabasamu, maana hii ilikuwa hadithi yake nzuri na siku nyingi hakuna aliyeitaka. Ulikuwa mwaka wa ukame, alisema. Ng'ombe walikuwa wanakufa wamesimama. Mumewe akasema wapande Loita kwa kina mama mkwe, huko bado kulikuwa na maji kwenye miamba. Tumbo lilikuwa kubwa, alitembea siku mbili, na uchungu ukamkuta akiona moshi wa boma la mama yake. Mama yake mwenyewe ndiye aliyekata kitovu. Wakakaa hadi mvua ziliporudi, miezi miwili, akateremka na mtoto mgongoni na ng'ombe kumi na mmoja mbele yake. Wengine wote walirudi mikono mitupu.

Hyasinta alisikiliza mpaka mwisho.

"Anasemaje?" aliuliza Eva.

"Anasema ulikuwa mwaka wa ukame."

"Ndiyo. Wapi?"

Kalamu ilikuwa inangoja. Hyasinta alitazama ile kalamu, si uso wa mtu.

"Wasso," alisema. "Anasema alijifungulia Wasso, hospitali."

Eva akaandika. Lakini Wasso ni Wasso katika lugha zote, na bibi alikuwa amegeuza lile sikio lake zima.

"Hapana," alisema kwa Kiswahili. "Wasso hapana. Hyasinta, unasikia vibaya." Akamgeukia Eva, akaweka kiganja juu ya meza. "Mimi napanda Loita. Mama yangu nakata kitovu. Loita, mwanangu. Serikali nauliza, mimi nasema kweli."

"Yeyo, nyamaza," Hyasinta alisema kwa Kimaasai, chinichini.

Bibi alishtuka. Katika miaka yote hiyo mkwe wake hakuwahi kumwambia neno hilo. "Unaninyamazisha mbele ya watu? Nimeiba? Nimezaa kichakani? Nilizaa kwa mama yangu."

Eva alichukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya neno Wasso, akaandika jingine kando yake. Hakuonyesha hasira wala furaha.

"Baba yake alikuwa wa hapa," Hyasinta alisema kwa haraka. "Wa Loliondo, kwao wote wako pale. Waliondoka miezi miwili tu, dada, kwa sababu ya maji."

"Baba yake ana cheti gani?"

"Alikufa zamani. Watu wa wakati ule walikuwa na vyeti gani?"

"Hilo ndilo tatizo, mama."

Maelezo yakasomwa. Bibi Nanyori alitikisa kichwa kukubali kila sentensi aliyoielewa na zile asizozielewa pia. Walipomletea kidau cha wino alikandamiza dole gumba kwa nguvu zote, ikatoka alama nyeusi, nzima, haina dosari. Akaiangalia, akaridhika.

"Sasa mtoto wangu natoka lini?"

"Bado kidogo, bibi," alisema Eva.

Mlangoni alimshika Hyasinta kiwiko. "Kumdanganya afisa kwenye maelezo ni kosa. Ningeweza kukuweka ndani leo hii hii. Nakuacha kwa sababu ya huyu mzee."

Alisubiri. Hyasinta alielewa kwamba kuna kitu kinasubiriwa.

"Nashukuru," alisema.

Njiani kuelekea nyumbani bibi aliuliza kwa nini alitaja Wasso. Hyasinta akasema alisikia vibaya, kelele za magari. "Lakini nilisema vizuri?" bibi akauliza.

"Ulisema vizuri, yeyo."

*

Barua ilitoka baada ya siku tisa. Ilisema kwamba kutokana na mahojiano yake mwenyewe na kwa maelezo ya ndugu wa karibu, imebainika kuwa mhusika alizaliwa nje ya nchi na hana uthibitisho wa uraia kwa kurithi. Kwamba yumo nchini kinyume cha sheria. Kwamba ataondoshwa, na hadi hapo atabaki kizuizini. Wanaweza kuandika barua ya kupinga, Eva alisema, ila majibu yatamkuta ndani, na hajui ni lini.

Ngoyai alikuwa amesomewa barua ile kabla ya Hyasinta kufika. Alisimama nyuma ya nondo akiwa amekonda shingo, na kifua kikimkwaruza kila alipovuta pumzi.

"Ndugu wa karibu ndiye nani?" aliuliza.

"Wanaandika hivyo tu. Yeyo hawakumhoji, walisema Kiswahili chake hakitoshi."

"Mimi mwenyewe sikujua nimezaliwa ng'ambo. Leo nimesomewa na askari kama taarifa ya habari. Nani alijua? Leonce?"

"Baba Witness, usiulize sasa. Kula."

"Ni Leonce. Tangu nikuoe hajawahi kuniita shemeji. Ananiita mgeni."

"Kula, dakika zinakwisha."

Alikula vijiko vitatu, vingine akampelekea mtu aliyekaa ukutani nyuma yake, mwanamume mrefu aliyejifunga taulo kichwani. "Yule ni Mhabeshi," alisema. "Alifungwa kwa kupita nchini bila kibali. Kifungo chake kiliisha, unasikia? Kiliisha miezi kumi na moja iliyopita. Anasubiri nauli ya kurudishwa kwao. Hakuna anayemfuata, hakuna anayejua lugha yake, siku hizi hasemi hata na ukuta." Alikohoa, akajifuta kwa mkono. "Ng'ambo wanipeleke tu. Humu ndani nitaoza."

Wiki mbili zikapita, ikaingia ya tatu. Kikohozi cha Ngoyai kikashuka kifuani kabisa. Hyasinta alienda kumuuliza Eva ni lini basi, kama ni kuondoka aondoke.

"Hati ipo, mama. Gari lipo. Mafuta hayapo." Eva alifungua daftari akalifunga. "Fedha za robo hii zimekwisha. Labda Oktoba."

"Oktoba atakuwa amekufa."

Eva alilisukuma daftari kando. Aliposema, alisema kwa upole uleule. "Kuna familia huwa zinachangia. Kwenda Namanga na kurudi, na posho ya askari wawili. Laki tatu na nusu. Simlazimishi mtu."

Hyasinta alidhani hakusikia vizuri. "Nilipie mimi? Mume wangu afukuzwe, nilipie mimi?"

"Nimekuambia sikulazimishi."

"Nitapewa stakabadhi?"

"Nitaandika nini juu yake, mama? Hakuna fungu la jina hilo."

*

Kulikuwa na mtamba mmoja nyumbani, mwekundu, mwenye baka jeupe tumboni. Ngoyai alimnunua kwa akiba ya mishahara ya mwaka mzima, na alipotoka zamu asubuhi alipita kwanza kwake kabla ya kupita kwa mkewe. Mnada ulikuwa bado siku sita. Hyasinta akaenda kwa kaka yake.

Leonce alikuwa anapanga magunia ya ngano stoo. Alimsikiliza hadi mwisho, akajikuna shingo.

"Yule mtamba mnadani ni laki sita," Hyasinta alisema.

"Mnadani, ndiyo. Lakini wewe unataka leo."

"Nataka leo."

"Nina laki tatu na nusu."

Alikuwa ametaja kiasi kilekile kilichohitajika, wala si kwa bahati. Hyasinta mwenyewe ndiye aliyemwambia. Alimtazama kaka yake usoni, mtu aliyelala naye ngozi moja utotoni.

"Leonce. Ni ng'ombe wa shemeji yako."

"Nisiponunua mimi utamuuzia nani leo? Nakusaidia, Hyasinta. Tangu mwanzo mama alikuambia, olewa na mtu wa hapa, hukusikia." Akahesabu noti juu ya gunia, akazisogeza. Halafu, kama mtu aliyeona aibu kidogo, akaongeza, "Siku ya kuondoka nitakuja kukubebea mzigo."

Na kweli alikuja. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Hyasinta alikuwa na begi lenye mashati mawili, blanketi, dawa ya kifua, na viazi vya kuchemsha. Bibi Nanyori aliachwa nyumbani na Witness. Alikuwa amegoma kurudi Loliondo mpaka amwone mwanawe, na wakamwambia amehamishiwa kazi ya mbali kwa muda. Hyasinta aliomba apande nyuma ya gari hadi Namanga, gari ambalo mafuta yake aliyanunua yeye. Askari akasema si basi la abiria.

Ngoyai alitolewa amefungwa pingu, anapepesa macho kwa jua. Alipomwona mkewe uso wake ulilainika, akafungua mdomo kusema kitu. Hapo akamwona Leonce nyuma yake, begi begani. Mdomo ukafunga.

Alipita karibu nao. "Umeshinda," alimwambia Leonce. "Kula nchi yako."

"Nimefanya nini mimi?" Leonce akamgeukia dada yake. "Anasema nini huyu?"

Hyasinta alimnyang'anya begi akalisukuma garini, mlango ukafungwa juu ya maneno ya kaka yake. Gari lilisimama kituo cha mafuta cha ng'ambo ya barabara. Walisimama pale pale, kaka na dada, wakaitazama pampu ikizungusha tarakimu mpaka ikakoma.

*

Ngoyai alipiga simu baada ya siku ishirini na mbili, Jumapili, watu wakitoka misa ya pili. Namba ilikuwa ngeni, ya ng'ambo. Hyasinta alikuwa jikoni anamkorogea mkwewe uji. Akaitikia na mwiko mkononi.

"Uko wapi?"

"Narok. Nalala stoo ya mtu wa mahindi, nalinda." Sauti yake ilikuwa na kifua bado, lakini nafuu. "Witness mzima?"

"Mzima. Wewe je? Wamekupokea?"

Alicheka kicheko kifupi kibaya. "Juzi polisi wa huku walinikuta sina kipande, kitambulisho chao. Nikawaambia nimeletwa na serikali, mimi ni wa huku. Wakanisikiliza ninavyoongea, wakasema wewe ni Mtanzania, Kiswahili chako cha kanisani. Tajiri wangu akawapa kitu, wakaniacha. Wakirudi sijui."

"Rudi kwa wajomba Loita."

"Wajomba gani? Walionijua wamekufa. Nilifika, vijana wakaniuliza mimi ni nani." "Na huko Karatu nikikanyaga ni jela, wameniambia. Kwa hiyo sikia. Mwanangu asikanyage kwa Leonce. Hata maji asinywe kwake. Siku nitakayopata njia nitakuja kwake kwanza, kabla sijafika kwako, na hiyo jela nitaiingia nikiwa nimeshiba."

"Si Leonce, Baba Witness."

"Usimtetee."

"Simtetei. Leonce amenilia ng'ombe, na hilo nitalikumbuka. Lakini hakusema neno lolote kule."

"Basi nani? Nasoma ile barua kila siku. Ndugu wa karibu. Nani?"

Bibi Nanyori alikuwa ameingia jikoni akifuata sauti. Alisimama mbele ya Hyasinta na shanga zake shingoni, amenyoosha mkono wa kuomba simu, uso wote umechangamka. Kila asubuhi kwa siku ishirini na mbili alikuwa ameuliza, na kila asubuhi alikuwa amejibiwa kazi ya mbali.

"Ni Ngoyai?" aliuliza. "Ni yeye?"

"Nani?" ilisema simu.

Uji ulikuwa unaanza kuungua. Hyasinta alimtazama yule bibi kwenye macho, akasema kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, ambayo Ngoyai aliijua kwa miaka kumi na tano ya kuishi nayo lakini mama yake hakuijua hata kidogo.

"Mimi."

"Yeyo alinisimulia kwenye basi," aliendelea. "Habari za ukame. Nikawaeleza mwenyewe. Nilidhani ukisema ukweli wanakuachia."

Alisikia lori likipita huko Narok, na mtu akiita bei ya kitu. Alisikia pumzi ya mumewe ikikwaruza, inakwenda, inarudi. Alingoja atukanwe. Alikuwa tayari kwa tusi lolote.

"Mpe mama simu," Ngoyai alisema.

Akampa. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaibana kwenye sikio lake zima, akaanza kupaza sauti kama anayeita ng'ombe bondeni. Alimwambia mwanawe kwamba yeye hajambo, kwamba anakunywa uji, kwamba mtoto wake anasoma, kwamba alikwenda serikalini wakampa chai ya maziwa. Alimwambia mkewe anamtunza vizuri. Alisikiliza kidogo, akaitikia, akasikiliza, akabariki. Kisha akaiondoa simu sikioni akaitazama, kioo kimezimika.

"Amekata," alisema.

Hyasinta alikuwa ameshageukia moto, anavuta kuni nje. "Kasema nini?"

"Kasema anakohoa, lakini kidogo. Kasema nile. Kasema Witness asome."

"Na mimi?"

Bibi Nanyori alifikiri, akakunja paji la uso, akayapitia tena maneno yote ya mwanawe, moja baada ya jingine, asije akasahau lolote.

"Hapana," alisema. "Wewe hakukutaja."

Hyasinta akaepua sufuria, akamwaga ile sehemu iliyoungua, na iliyobaki akammiminia mkwewe kikombeni.